Wale wadudu wekundu

Juzi nilikuwa najaza maji kwenye bomba niwapulizie vidukari weusi waliojaa kwenye kunde zangu hapa Ihumwa, mwanangu akaja na kidudu chekundu cha madoadoa kinatembea kidoleni, akaniuliza mama, na hiki nacho kitakufa? Nikatua ndoo.

Ndo nikakumbuka mtama wa Chamwino. Nilikuwa darasa la sita, mvua ikakata Februari kama kawaida yake huku kwetu, mtama uko magotini, tukaona majani yananata kama yamemwagiwa asali, ukigeuza jani vidukari wa manjano wamejaa hadi kijani hukioni, sisimizi wanapanda na kushuka. Baba akakopa hela akanunua dawa, tukabeba maji lamboni, akapuliza siku nzima kajifunga kanga ya mama puani.

Kesho yake alfajiri nikatumwa kuangalia. Vidukari wamekauka kweli, nikataka nikimbie nikamwambie baba. Nikainama kwenye shina la kwanza, pale jani linaposhikana na bua umande umetuama, na humo ndani wamelala wale wekundu, sita, wengine miguu juu bado inatikisika. Shina la pili hivyo hivyo. Nikawa nawatoa mmoja mmoja nawaweka kiganjani nawapulizia pumzi, nikidhani ni baridi tu. Kila siku nilikuwa nawaona wanatafuna vidukari, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ile ni kazi wanatufanyia.

Wiki mbili hazikuisha vidukari wamerudi, wengi kuliko mwanzo, maana kidukari jike anazaa bila dume na mtoto wake naye ndani ya wiki moja hivi anaanza kuzaa, na waliokuwa wanawala hawapo tena. Hela ya dawa nyingine haikuwepo. Tulivuna magunia mawili.

Mjomba alikuwa akifanya kazi mashamba ya ngano kule Basotu, Hanang, alipokuja akauliza, shemeji, ulihesabu kwanza? Kwamba kwenye ngano unapita unakagua mashina, unahesabu vidukari, unaangalia na wanaowala wako wangapi, ndo unaamua kupuliza au kuacha. Baba hakumjibu, akaendelea kupura.

Sijui angesubiri ingekuwaje, jua la mwaka ule lilikuwa kali na sisi watoto watano tulikuwa tunamtazama yeye.

Nimemwambia mwanangu tuhesabu. Mashina kumi, wekundu wanne. Dawa ipo juu ya kabati, sijaifungua.