Kipimo kimoja, watu wanne wanakisubiri

Maadili ya udaktari yakitajwa, akili za wengi hukimbilia mambo mazito: kuzima mashine ya kupumulia, kugawa damu isiyotosha, bahasha inayopita chini ya meza kabla ya upasuaji. Kwenye utengamao, yaani tiba ya kumrudishia mtu uwezo wa mwili baada ya ugonjwa au ajali, mambo hayo ni nadra. Huku mtihani huja kimyakimya, umevaa sura ya fomu. Goti linakunja digrii ngapi? Mgonjwa wa kiharusi anapata alama ngapi za kujihudumia? Ulemavu ni asilimia ngapi? Daktari mpasuaji akiweka chuma vibaya, picha ya eksirei itamuumbua. Daktari wa utengamao akiandika 85 mahali palipokuwa na 105, hakuna picha ya kumsuta. Kadiri siku zinavyokwenda naona uadilifu wa fani yetu umejificha zaidi kwenye namba hizi kuliko kwenye kiapo tunachokisoma siku ya mahafali.

Na kila namba ina wenyewe. Mgonjwa anaisubiri, mwajiri wake anaisubiri, mfuko au bima inaisubiri, na ndugu waliouza shamba ili atibiwe nao wanaisubiri. Kila mmoja angependa isomeke kivyake.

Fidia ya ajali kazini ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Tanzania, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliozaliwa na sheria ya mwaka 2008, hulipa kwa kufuata asilimia ya ulemavu wa kudumu aliyoitathmini daktari. Ikiwa asilimia 30 au chini yake, mtu hulipwa kwa mkupuo. Ikizidi hapo, hupata pensheni ya kila mwezi. Sasa mpe daktari mfanyakazi aliyeumia goti na bega, ambaye hesabu yake inaelea palepale kwenye mstari. Digrii chache za kiungo zinaweza kuamua kama atalipwa mara moja au kila mwezi mpaka uzeeni. Ukisikia mtu anasema vipimo ni kazi ya kitaalamu tu isiyo na maadili ndani yake, mwonyeshe faili hilo.

Ndiyo maana namna ya kupima ina uzito. Goniometa, kile kipimo cha pembe chenye mikono miwili, huwekwa kitovu chake kwenye kifundo cha nje cha mfupa wa paja pale gotini. Mkono mmoja uelekee nyongani, kwenye ile nundu ya mfupa, na mwingine uelekee kwenye kifundo cha nje cha mguu. Mgonjwa akunje mwenyewe kwanza, kisha daktari amkunjie, na zote mbili ziandikwe, kwa sababu tofauti yake ndiyo inayosema kama tatizo ni misuli, maumivu au kiungo kilichoganda. Rudia mara tatu. Pima na lile goti jingine lisiloumia, maana si kila mtu amezaliwa na digrii 135. Hata mikono yenye uzoefu hutofautiana kwa digrii 5 hivi, kwa hiyo anayeandika 97 kana kwamba amepima kwa mashine ya kiwandani anajidanganya. Na anayejua kwamba kipimo kina ulegevu huo, kisha kila mara akausukuma upande wa anayemlipa, huyo hakosei tena. Anachagua.

Kosa linaloonekana mara nyingi zaidi ni la wakati. Asilimia ya ulemavu wa kudumu hupimwa hali ikishatulia, yaani pale ambapo hakuna mabadiliko makubwa yanayotarajiwa hata matibabu yakiendelea. Neva iliyokatika na kushonwa huota kwa takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka juu ya kiwiko hadi kwenye misuli midogo ya kiganja ni kama sentimita 30. Hesabu mwenyewe, ni karibu mwaka. Anayempima mtu huyo mwezi wa tatu kwa sababu mwajiri anataka kufunga faili ameandika uongo hata kama kila digrii aliyoiandika ni ya kweli.

Kuna sentensi ambayo ingefaa isemwe kabla ya goniometa kutoka mfukoni, na husahaulika hasa pale daktari anayetathmini ndiye aliyekuwa akimtibu: "Leo sikutibu. Leo napima, nitaandika ninachokiona, na ripoti itakwenda kwa fulani na fulani." Mgonjwa akishajua hivyo, ana haki ya kuchagua la kusema na la kutosema. Bila hivyo atamwaga ya moyoni, pamoja na zile siku mbili alizojaribu kurudi kwenye kibarua, halafu ayakute kwenye ripoti. Huo ni usaliti, ijapokuwa hakuna kanuni ya karatasi iliyovunjwa.

Na vipi kuhusu wanaoigiza? Wapo. Lakini hapa ndipo kiburi cha daktari hung'ara. Nguvu ya mshiko hupimwa mara tatu kila mkono. Namba zikiruka sana, wengine huandika haraka "mgonjwa hana ushirikiano". Mtu anayeogopa maumivu naye namba zake huruka. Anayepata usingizi wa muda wa saa tatu tu kwa usiku naye pia. Kuandika "vipimo vitatu vimetofautiana, sababu haijathibitika" ni ukweli. Kuandika "anaigiza" ni hukumu, na daktari si hakimu.

Kuku je? Mgonjwa aliyefundishwa upya kutembea kwa miezi minne akaleta kuku siku ya kuagana, mimi sioni rushwa hapo, naona utu. Kuku huyohuyo akiletwa wiki moja kabla ya fomu kujazwa, arudishwe, na kwa upole.

Nihamie kwenye uti wa mgongo, kwa sababu huko ndiko haya, tabia ambayo sote tumelelewa nayo, hugeuka kuwa kosa la kitaalamu. Uchunguzi wa kimataifa wa majeraha ya uti wa mgongo hupima maeneo 28 ya hisia kila upande na misuli 10 kila upande. Lakini swali kubwa, kama jeraha ni kamili au si kamili, hujibiwa mahali pamoja tu: kwenye ngozi inayozunguka njia ya haja kubwa na kwa kidole kilichoingizwa ndani. Je, anahisi mguso wa pamba? Anatofautisha ncha ya pini na upande butu? Anahisi kidole kikibonyeza? Anaweza kukibana kwa hiari yake? Moja tu ya hayo likiwepo, jeraha si kamili, na matarajio yake hubadilika kabisa.

Kinachotokea ni hiki: daktari kijana, mbele yake mzee wa umri wa babu yake, mkwe amesimama mlangoni, pazia halifungi vizuri. Anapima miguu, anaona haichezi, anaandika A, yaani kamili. Ile sehemu ya mwisho anaijaza kwa kukisia. Kuanzia hapo kila anayefungua faili anasoma A. Mazoezi yanapangwa kwa A, ndugu wanaambiwa A, na hakuna anayerudi kupima kwa sababu "imeshaandikwa".

Kinga yake si ujasiri. Ni utaratibu. Ndugu watoke, na awepo muuguzi au msaidizi wa jinsia ya mgonjwa. Pazia lifungwe kwa plasta ikibidi. Kisha maneno, na kwetu maneno huanza na heshima: "Shikamoo mzee. Kuna kipimo kimoja kimebaki, nacho ni cha sehemu ya siri. Ndicho kitakachotuambia kama waya za mgongo zimekatika zote au zimebaki baadhi. Ukikubali nitakwambia kila hatua kabla sijaigusa, na ukisema basi, naacha." Wengi hukubali. Akikataa, fomu isomeke "haikupimwa, mgonjwa hakuridhia", na iombwe tena kesho. Kipimo cha saa 72 baada ya ajali ndicho kinachotegemewa zaidi kwa kubashiri. Kile cha usiku wa ajali huchafuliwa na dawa, kizunguzungu na mshtuko wa uti, yaani uti kuzimika kwa muda baada ya kuumia.

Halafu linakuja lile la ndugu kumvuta daktari kwenye korido: "Daktari, usimwambie." Nimesoma miongozo ya nje inayolijibu kwa mstari mmoja, kwamba siri ni ya mgonjwa. Ni kweli, lakini mstari huo haumsaidii mtu anayejua kwamba kaka mkubwa huyuhuyu ndiye atakayejenga choo cha kukalia na kumgeuza mgonjwa usiku kucha kila baada ya saa 2. Njia inayofaa ni kumwuliza mgonjwa kwanza, mapema, kabla majibu hayajawa machungu: unapenda kujua mambo yako kwa kiasi gani, na ungependa nani awepo? Jibu liandikwe kwenye faili. Akisema "mwambieni kaka", hiyo ni ridhaa yake, na kaka si mwingiliaji tena. Asipolisema hilo, kaka aelezwe kwa adabu kwamba mtu asiyejua hali yake hawezi kujifunza kujitoa mkojo kwa mpira kila baada ya saa 4 hadi 6, wala hatajikagua makalio kwa kioo. Usiri huo unamletea vidonda na figo mbovu.

Katika kubashiri kuna dhambi mbili, na tunaizungumza moja tu. Matumaini ya uongo tunayakemea. Kukata tamaa kwa uongo hatukukemei, labda kwa sababu humfanya daktari aonekane mkweli. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata watu waliopata kiharusi: walioweza kunyoosha vidole kidogo na kuinua bega pembeni siku chache za mwanzo, karibu wote walirudisha kiasi fulani cha ustadi wa mkono baada ya miezi 6. Wasioweza, takriban robo yao walirudisha. Robo si wote, lakini robo si sifuri. Anayemwambia mtu huyo "mkono huo sahau" ametoa namba isiyokuwepo.

Viungo bandia nivipitie haraka, maana ubaya wake unajulikana: kamisheni anayopewa daktari na karakana inayovitengeneza. Madhara yake ni kigutu kupigwa plasta ya vipimo kabla uvimbe haujakwisha. Kinatakiwa kifungwe bandeji, mzunguko wake upimwe kwa utepe kila wiki kwenye alama ileile, na namba ikiacha kushuka ndipo soketi, kile kikombe kinachoshika kigutu, itengenezwe. Mwenye haraka ya kamisheni haisubiri. Baada ya wiki chache soketi inapwaya, mgonjwa anavaa soksi ya pili, ya tatu, ngozi inachubuka, mguu unawekwa uvunguni.

Viti mwendo vya msaada ndivyo vinavyonikera zaidi, kwa sababu hapo kila mtu ana nia njema. Viti hamsini vya ukubwa mmoja, bango, kamera, na daktari anaombwa kusaini kwamba wahusika "wamepatiwa". Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 uliweka hatua nane, na kukabidhi si ya mwisho; baada yake kuna mafunzo, matengenezo na ufuatiliaji. Kiti kikiwa kipana mno, mtu huegemea upande mmoja. Kikiwa kirefu mno kwenda nyuma, huteleza mbele na kukalia mkia wa uti. Kipimo cha mgandamizo hakihitaji mashine: ingiza vidole chini ya mfupa wa kukalia, kiganja juu, mtu akiwa ameketi wima. Ncha za vidole zikicheza kwa milimita 5 au zaidi, salama. Zisipocheza lakini zikatoka kwa kuvuta, tahadhari. Zikibanwa zisitoke kwa urahisi, kiti hicho na mto wake havimfai mtu asiyehisi makalio, maana kidonda huanza ndani ya saa chache na kupona ni miezi.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, vidole vipite chini ya kila mmoja wao, upande wa kulia na wa kushoto. Hafla itachelewa. Waandishi watanuna. Na wale watakaoshindwa kipimo majina yao yaandikwe kwenye karatasi tofauti, pamoja na upana wa nyonga na urefu wa paja kwa milimita, ili aliyeleta viti ajue shehena ijayo aagize nini.