Ndevu amekula!

Jamani, Ndevu amekula! Ni yule mjusi wetu mwenye asili ya Australia. Minyoo ilimkausha akabaki mifupa mitupu, na hata baada ya dawa nzige alikuwa hamtazami. Daktari wa wanyama alikataza kumlisha kwa nguvu: kwanza maji, kwanza joto. Mjusi hategemei joto la mwili wake. Asipoota joto la nje, tumbo halisagi chakula. Basi taa ikaongezwa hadi nyuzi 40 upande mmoja, upande wa pili tukauacha wa baridi ajichagulie. Maji tulimdondoshea kwenye ncha ya pua, akawa anayalamba. Leo nimemchezeshea funza mnene mbele ya macho, ulimi ukatoka chap! Mboga za majani bado anazikanyaga kama zulia. Mwanangu anauliza kama pilau inaruhusiwa.