Bei ya Maisha ya Sajini

Kuna sentensi moja niliyoisikia Kampala mpaka ikanichosha: Uganda hakuna wasomaji wa Kiswahili. Mchapishaji mmoja aliniambia kwa upole huku akinirudishia muswada. Rafiki zangu waliniambia kwa mzaha. Hata dereva wa takisi aliyeniona nikisahihisha karatasi kiti cha mbele aliniuliza nani atasoma hiyo, polisi? Kwetu wengi hukiona Kiswahili kuwa lugha ya askari.

Sikuwa na la kumjibu. Kiganda kina gazeti la Bukedde kila asubuhi. Wakati ule Wanyankore na Wakiga walikuwa na Orumuri, Wateso walikuwa na Etop, Waluo walikuwa na Rupiny. Kiswahili kilikuwa na Katiba tu, ambayo tangu marekebisho ya 2005 inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili, itakayotumika pale Bunge litakapoagiza kwa sheria. Tulikuwa 2016 na agizo hatujaliona. Tena jambo hili lina mizizi. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, mkutano mkubwa unaosifiwa mpaka leo, lakini ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert hakuwemo, na alifariki mwezi uleule, ng'ambo ya ziwa, huko Tanganyika.

Mimi ni mtoto wa Bombo, mwendo wa kilomita kama thelathini na kitu kaskazini ya Kampala, kwenye nyumba za Wanubi, wazao wa askari waliotoka Sudan. Nyumbani Kinubi, shuleni Kiingereza, sokoni Kiganda, na Kiswahili tulikipata kwa wazee waliokitoa jeshini. Ndicho nilichokichagua kuandikia, usiniulize sababu. Maisha yangu Kampala yalikwenda hivi: alfajiri riwaya, kuanzia saa tatu kufundisha Kiswahili wageni wa mashirika, mchana kutafsiri mabango ya afya, na Jumatatu jioni Kamwokya, kwenye baraza la FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichozinduliwa 1996. Pale nilisoma kazi yangu kwa Kiswahili kisha nikaieleza kwa Kiingereza, na wenzangu walinivumilia na kunikosoa vizuri. Riwaya ilikuwa haiendi. Kila alfajiri nilifuta nilichoandika jana yake.

Ndipo kaka mmoja wa mtaani kwetu Bombo akanipigia. Baba yake, sajini mstaafu, alikuwa amefariki na kuzikwa siku ileile, kama desturi yetu. Sasa wanaandaa arobaini. Walitaka kijitabu.

"Kijitabu cha dua?"

"Cha mzee. Maisha yake. Wajukuu wako Arua, wako Kibera, wengine Uingereza, hawamjui. Wewe si ndiye mwandishi wetu? Sasa utachukua ngapi?"

Namshukuru kwa kuuliza, maana kwetu mtu akifiwa hakuna anayetaja bei. Anayechimba kaburi hatozi, anayebeba jeneza hatozi, na anayejua kuandika anatazamiwa aandike kama anavyobeba mwingine. Nilimwomba anipe mpaka jioni. Nikachukua kalamu nikapiga hesabu: nauli za Bombo, masomo nitakayoyaahirisha na fedha zake, siku za kusikiliza, siku za kuandika, siku za kurudia. Uchapaji mbali. Hesabu ilipokaa sawa, iliniogopesha. Nilimpigia nikasema laki nne, na nusu iingie kwanza.

Simu ilinyamaza. Kisha akasema, "Sawa, dada," na kabla ya Isha ujumbe wa mobile money ukaingia.

Mama yangu alizisikia habari hizo kabla sijafika Bombo.

"Umewatoza wafiwa?"

"Na mpishi wa pilau, mama, anapika bure?"

"Mpishi ananunua mchele."

Mpaka leo sijapata jibu la kumshinda nalo, na fedha nilizichukua.

Mjane wa sajini alikuwa eda, kwa hiyo nilimfuata chumbani. Habuba huyu, yaani bibi kwa Kinubi, nilimjua tangu utoto, alitufukuza kwenye mwembe wake. Niliweka simu kwenye mkeka ili irekodi, akaitazama, akanyamaza. Nikaizima, nikatoa daftari, akaanza kusema. Kumbe daftari halikumtisha, kwa sababu aliweza kuona nilichokuwa naandika na akanisubiri nimalize. Wakati mwingine aliniamuru: "Hiyo nayo andika." Mara nyingine: "Hiyo usiandike, nakwambia wewe tu."

Mumewe aliingia King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki, mwaka 1951, kijana asiye na ndevu. Uhuru ulipokuja 1962 batalioni yao, ya nne, ikageuzwa jina ikawa Uganda Rifles, na yeye akabaki na bunduki yake ileile. Hayo Habuba aliyapitia upesi. Alinieleza zaidi sabuni ya kufulia sare, jinsi alivyopiga pasi ya mkaa na kuipuliza majivu asubuhi na mapema, na namna wake za askari walivyokopeshana unga mwisho wa mwezi. Niliandika yote. Kisha tukafika 1979.

Kampala ilipoanguka mwezi wa nne mwaka ule na Idi Amin akakimbia, Wanubi wengi wa Bombo, waliohesabiwa kuwa watu wake, waliondoka ndani ya siku chache. Sajini alipata lori. Watu waliokuwa nyuma ya lori walikuwa wamebeba magodoro, mbuzi, redio. Yeye alibeba kichwa cha cherehani ya mkewe, Singer nyeusi, akaacha meza na miguu yake. Alikipakata tangu Bombo, Karuma, Pakwach, Arua, Koboko, mpaka wakavuka mpaka na kufika Yei, Sudan. Habuba alikuwa amemtukana njia nzima, maana alitaka wabebe masufuria.

"Kule Yei tukala cherehani," akasema.

Fundi seremala akawachongea meza. Habuba alishona sokoni. Lakini mgongo ulipomuuma, aliyekaa kwenye cherehani alikuwa sajini mwenyewe, aliyezoea kutoa amri, akipinda magagulo ya wanawake wa soko kwa fedha kidogo. Alishona vizuri kuliko mkewe. "Mshono wake ulinyooka kama gwaride," Habuba alisema, akacheka, kisha akakumbuka yuko eda akajifunika mdomo.

Nilirudi Kampala nikaweka riwaya pembeni. Ile saa yangu ya alfajiri nikampa sajini. Nilianza na ukurasa wa jua linavyochomoza juu ya Bombo, ukungu, ndege, mambo yangu niliyoyazoea. Kisha nikafika kwenye unga wa kukopeshana na mkono ukabadilika. Nilikuwa najua nani atasoma: Habuba, na yule mzee jirani yao aliyetumikia naye, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Ukijua jina la msomaji wako huwezi kumdanganya kwa ukungu. Sentensi zikawa fupi. Sikufuta sana. Nililala nikiwa nimechoka kama mtu aliyelima, na hiyo kwangu ilikuwa ngeni, kwa sababu riwaya ilikuwa inanichosha kwa namna nyingine kabisa, ya mtu aliyesukuma mlango uliofungwa.

Rasimu niliipeleka Bombo, nikaisoma sebuleni mbele ya watoto wa marehemu na wazee wawili. Habuba alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa chumbani, kwa ajili ya eda. Wote walitikisa vichwa vizuri mpaka Karuma. Nilipofika kwenye magagulo, kaka aliyenilipa akanyanyua mkono.

"Hapo ruka."

"Niruke nini?"

"Hiyo ya kushona. Baba alikuwa sajini. Wajukuu wasome kwamba alikuwa anashona nguo za ndani za wanawake?"

Mdogo wake akamuunga mkono. Akataka 1979 yote iondoke: baba alikwenda Sudan, baba akarudi mwishoni mwa miaka ya 1980, basi. Mzee wa miwani akakohoa, akasema kwa Kiswahili chao cha zamani cha jeshini, kile wanachokiita Kikeya, "Mimi hapana ona mbaya. Mimi kule nilichoma mkaa." Mdogo mtu akamjibu kwamba mkaa si sawa na magagulo. Wakaanza kubishana kipi ni heshima zaidi, mkaa au cherehani, na mimi nimekaa katikati na karatasi zangu. Wao walinilipa, walikuwa na haki ya kukata. Nami niliona kwamba pasipo ule ukurasa, kijitabu kizima ni cheti cha utumishi tu. Nikafungua mdomo kusema hivyo, sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Wewe, Yei ulikula nini?"

Sebule ikanyamaza.

"Nakuuliza. Ulikuwa na miaka minne. Uji uliokunywa ulitoka wapi? Jeshini?" Pazia likatikisika. "Binti, andika. Na andika kwamba alishona kunishinda."

Ukurasa ukabaki. Yule kaka aliomba niongeze sentensi moja, kwamba hata kwenye cherehani baba yake alivaa shati lililopigwa pasi. Nikamuuliza mama yake kama ni kweli, akasema ni kweli, nikaiongeza. Ilikuwa sentensi nzuri kuliko zangu nyingi.

Nasser Road, kwa asiyeijua, ni mtaa wa Kampala unaochapa kila kitu: kadi za harusi, kalenda za wabunge, vitabu vya risiti, na vingine ambavyo heri nisivitaje. Unaingia kwenye jengo, unapanda ngazi zenye harufu ya wino, huyu anakupangia kurasa, yule ana mashine, wa tatu ana kisu cha kukatia. Bei unazungumza na kila mmoja peke yake. Fundi alihesabu kurasa zangu, akatikisa kichwa.

"Ishirini na sita hakuna."

Nilikuwa sijui. Kijitabu cha kubanwa pini katikati kinatoka kwenye karatasi zinazokunjwa mara moja, na kila karatasi iliyokunjwa huzaa kurasa nne. Kwa hiyo ni 24 au 28, na 28 nailipia karatasi zaidi. Nikakaa kwenye ngazi na kalamu. Kurasa mbili zitoke wapi? Unga haukatiki, pasi ya mkaa haikatiki. Jua la Bombo, ukungu na ndege vilichukua ukurasa mzima na robo. Nilivikata kwa mstari mmoja. Zilizobaki nilizipata kwa kunyofoa vivumishi huku na huku, na fundi akisubiri akila rolex yake, chapati iliyoviringishwa na mayai. Nakala 200, karatasi ya gramu 80, jalada gumu kidogo lenye picha ya sajini akiwa na kofia.

Siku ya arobaini nilikwenda kama mgeni wa kawaida, nimevaa gurbaba ya mama, vazi la wanawake wa Kinubi. Vijitabu viliwekwa kwenye sinia mlangoni, kando ya tende. Nilitegemea watu wavichukue kama wanavyochukua ratiba, wapepee navyo joto. Dua ikasomwa, pilau ikapakuliwa, na watu wakala kimya kimya zaidi ya kawaida. Ndipo nikagundua wanasoma. Mzee mmoja alikuwa amesimamisha kijitabu kwenye bilauri ya maji ili mkono wa kulia uendelee na pilau. Mzee mwingine, chini ya mwembe, alisoma kwa sauti kwa wasioona vizuri, na kila aya walimkatiza: si kweli, lori lilikuwa la fulani, kweli kabisa, mbuzi nilikuwa naye mimi. Wanawake upande wa ndani walikuwa na msichana wa shule aliyewasomea, akikwama kwenye maneno marefu, wakimmalizia. Walipofika kwenye magagulo kicheko kilitoka uani mpaka wanaume wakageuka. Yule kaka alicheka pia, akatazama chini, akafuta macho.

Askari vijana walikuja kutoka kambini, maana makao ya jeshi la nchi kavu yako palepale Bombo. Mmoja, mtu wa Karamoja, aliniambia Kiswahili alikijulia mafunzoni na tangu hapo hajapata cha kusoma isipokuwa amri. Akaomba nakala mbili. Sinia ilikuwa tupu kabla ya Alasiri. Mwenye duka la barabarani alitaka nimletee nyingine auze, nikamwambia si zangu, ni za familia, akazungumze nao. Walichapisha tena, nasikia. Riwaya niliirudia baadaye, nikaanza upya na bibi mmoja anayekopa unga. Hiyo ni habari nyingine na haijaisha.

Nilipokuwa natafuta viatu vyangu mlangoni, mzee wa miwani ya uzi alinifuata, kijitabu kimekunjwa mfukoni.

"Binti. Yangu utaandika lini?"

"Mzee wangu, wewe uko hai."

"Ndiyo sababu. Mimi nataka soma mwenyewe. Wewe nachukua ngapi?"

"Laki nne. Nusu inaingia kwanza."

Alifikiri kidogo, akatazama huku na huku kama mtu sokoni.

"Kwa mtu hai hapana punguza?"

"Kwa mtu hai inapanda, mzee. Atakuwa ananisahihisha."

Akacheka mpaka miwani ikaanguka na uzi wake, akaingiza mkono mfukoni, akaanza kuhesabu.