Siku moja kliniki ya macho Chake Chake, konea zilipoadimika

Ukisema unafanya kazi kliniki ya macho, watu hudhani unatia matone na kugawa miwani. Natia, sikatai. Siku ninayoisimulia ni ya mwanzoni mwa Mei 2020, ndani ya Ramadhani, masika yanapiga, korona nayo imeingia.

Saa 12 na nusu asubuhi. Gari ya kutoka Wete, barakoa ya kitambaa, daku limeshayeyuka tumboni.

Saa 2. Kupima uoni, kupima presha ya macho, kubishana na wanaokataa matone mchana wakiogopa kufungua. Taa ya kuchunguzia jicho tumeikingia filamu ya eksirei iliyooshwa ikawa kama kioo, maana ukiitumia mnakuwa pua kwa pua. Hofu si ya bure: Li Wenliang, daktari wa Wuhan aliyewatahadharisha wenzake, alikuwa wa macho, na alifariki Februari.

Saa 4. Kaingia kijana na ami yake. Konea za kijana, kile kioo cha mbele ya jicho, zimekonda na kuchongoka. Miwani haimfai tena. Alikuwa apandikizwe Aprili, konea ije na ndege kutoka ng'ambo. Ndege za abiria zikasimamishwa mwezi huohuo.

Ami anashusha barakoa kila akitaka kusema, akinyamaza anaipandisha.

"Mwanangu, si waiweke kwenye friji mpaka ndege zirudi?"

"Inawekwa, Ami, kwenye maji yake maalumu, nyuzi 2 hadi 8. Lakini siku 14 tu, basi."

"Wakate nyingine."

Nikaeleza. Konea hutolewa kwa marehemu, tena ndani ya saa chache. Aliyekufa na korona, au mwenye dalili zake, siku zile benki za macho, zinazokusanya na kuhifadhi konea, zilikuwa hazimchukui. Wengine nao walikuwa wakichujwa upya. Na nchi nyingi zilikuwa zimesimamisha upasuaji usio wa dharura, kwa hiyo hata ukusanyaji ulikuwa umepungua. Simu yake ikaita katikati, akaipokea, akazungumzia bei ya ndizi, akarudi.

"Kwa hiyo maiti wamezidi, macho yamepungua?"

Sikuwa na namna bora ya kulisema.

"Basi nikifa mimi, mpeni langu."

"Pemba hatuna benki ya macho, Ami."

"Na dini?"

Nikamwambia Baraza la Fiqhi, la wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, lilikaa Jeddah mwaka 1988 likaruhusu upandikizaji kwa masharti. Akaniuliza mimi nimesoma chuo gani. Muda wote huo kijana kimya, kidole jichoni. Nikamshika mkono. Kusugua ndiko kunakozidi kuichongoa, na hilo ndilo pekee nililoweza kumzuia siku ile.

Adhuhuri ikapita, sijui saa ngapi. Akaletwa mama aliyechomwa na jani la mpunga, kidonda cheupe katikati ya jicho, kimeshatiwa dawa ya majani. Matone kila saa, rufaa ya Unguja, kutafuta nafasi ya boti. Kidonda kikitoboka, mtu kama huyu ndiye anayetangulizwa konea ikipatikana. Kijana wetu atasubiri, kwa haki kabisa, na ukienda kumweleza ami yake nenda wewe.

Kichwa kinauma, koo limekauka chini ya barakoa. Tukafunga mlango karibu na alasiri.

Baada ya futari simu ikalia. Ami.

"Mwanangu, ndege hazipo. Meli za mizigo si zinakuja?"

"Siku 14, Ami."

Akanyamaza, kisha akauliza meli kutoka Ulaya huchukua siku ngapi.