Jinsi nilivyoacha kuichana grafini

Katika miezi minne ya mwanzo ya masomo yangu ya uzamivu, ndani ya maabara moja nchini Uingereza, nilikuwa fundi hodari wa kutengeneza matambara. Grafini, yaani tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja tu, ilikuwa ikitoka kwenye tanuri ikiwa nzima, lakini kila nilipoihamisha kutoka kwenye shaba ilikoota kwenda kwenye kipande cha silikoni, darubini ilinionyesha nyufa, mikunjo na matundu. Mwenzangu aliyenitangulia kwa mwaka mmoja alishikilia kwamba kosa lilikuwa la tanuri. Alinitaka nibadilishe kiasi cha methani, gesi inayoleta kaboni, kisha joto, kisha muda, nami nikamtii kwa wiki sita, na nyufa zikabaki vilevile. Shaba niliyoimaliza katika wiki hizo karibu ingenilipia nauli ya kwenda Tanga likizo.

Tanuri halikuwa na hatia, kwa kuwa kazi ya ukuaji hasa huifanya shaba yenyewe. Watafiti wa Texas walionyesha hivyo mwaka 2009: shaba, tofauti na nikeli, karibu haiyeyushi kaboni ndani yake, na kwa hiyo methani inapovunjika juu yake kwenye joto la nyuzi 1,000 hivi, kaboni hujipanga usoni tu, na uso ukishafunikwa kazi karibu husimama yenyewe. Mimi nilitumia karatasi ya shaba yenye unene wa maikromita 25, nikaisafisha kwa asidi ya asetiki, ile ile iliyomo ndani ya siki, kisha nikaipasha moto katika haidrojeni kabla ya kuruhusu methani kidogo mno. Niliikunja pia mithili ya bahasha iliyofungwa pande zote, kwa sababu ndani ya bahasha gesi huingia kwa shida na fuwele huwa chache lakini kubwa. Ujanja huo si wangu, ulichapishwa mwaka 2011. Langu ni lile kosa la kupandisha joto nikidhani ningepata fuwele kubwa zaidi, nikasahau kwamba shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 na kwamba hugandana kabla ya kufika hapo. Bahasha ile niliifungua kwa mkasi, na ndani yake hapakuwa na cha kuhamisha.

Sasa tuje kwenye uhamishaji. Juu ya grafini hupakwa plastiki nyembamba iitwayo PMMA, kisha shaba huyeyushwa kwa kemikali iitwayo amoniamu pasulfeti. Hakuna aliyeniambia kwamba gesi haichagui upande, na kwamba grafini huota pia chini ya shaba. Usipoiondoa hiyo ya chini kwa plazma ya oksijeni, yaani gesi iliyochajiwa kwa umeme, ambayo ni kazi ya nusu dakika, mabaki yake hunata chini ya utando wako na kuuchafua. Nilipolirekebisha hilo uchafu uliisha, lakini nyufa hazikuisha.

Utando uliobaki huelea majini kama malai juu ya maziwa yaliyopoa. Mtu huuhamisha kwenye maji safi mara tatu au nne, kisha huuopoa kutoka chini kwa kipande cha silikoni. Ushauri niliopewa ulikuwa kukiweka kipande hicho mara moja kwenye bamba la moto la nyuzi 150, "ili maji yakauke upesi." Jioni moja, kwa hasira, niliinama nikautazama utando wakati ukipata moto. Ulivimba katikati, ukapanda kama chapati inavyofura juu ya kikaango, kisha ukapasuka mbele ya macho yangu. Maji yaliyonaswa chini yake yalikuwa yakichemka! Miezi minne nzima nilikuwa nikiipika grafini kwa mvuke.

Siku iliyofuata nilijiona mjanja, nikayapuliza maji kwa bomba la naitrojeni. Utando uliruka na maji yake, na hadi leo sijui ulitua wapi.

Dawa ilikuwa uvivu. Kwanza nilipitisha silikoni kwenye plazma ya oksijeni, ili maji yatandae juu yake badala ya kujikusanya matone. Baada ya kuopoa, nilikiegemeza kipande karibu wima ndani ya kisahani cha kioo, nikagusisha karatasi ya kunyonya maji kwenye ukingo wa chini, nikaenda kulala. Usiku ule utando ulikuwa na mistari ya rangi kama mafuta yaliyomwagika majini, dalili kwamba ulikuwa bado haujagusa silikoni. Asubuhi mistari ilikuwa imetoweka. Nilikipasha kipande kwa nyuzi 50 kwa saa nzima, kisha nikapanda hadi 150, kwani PMMA hulainika ikishapita nyuzi 105 hivi na kuilaza grafini vizuri. Plastiki niliiondoa kwa asetoni. Wapo wanaodondoshea tone la pili la PMMA kabla ya hapo ili utando ulegee, nami nimeona linasaidia, lakini halimwokoi mtu aliyekwisha kuchemsha maji.

Silikoni yangu ina oksidi ya nanomita 300, hivyo grafini huonekana kwa darubini ya kawaida: eneo la rangi moja, pana, bila ufa. Kipimo cha Raman, kinachosoma mwanga wa leza unaotawanywa na kaboni, kilionyesha kilele kiitwacho 2D, karibu na 2,700 kwa sentimita, kikiwa zaidi ya mara mbili ya kile kiitwacho G kwenye 1,580, dalili ya tabaka moja, na pale kwenye 1,350, ambako kasoro hujitangaza, palikuwa karibu tambarare.

Nilimwita mwenzangu. Aliitazama picha kwa muda mrefu, akaikuza, akaipunguza, kisha akaniuliza nilikuwa nimebadilisha methani kwa kiasi gani.