Mama mkwe, flashi ya buku tatu, na nyimbo za wanangu

Kuna mtu kazini aliniambia kumtafutia mtoto nyimbo ni kazi ya dakika tano, eti washa simu, andika nyimbo za watoto, mpe, kaa pembeni unywe chai yako. Huyo mtu hana mtoto. Mi nilifanya hivo hivo, simu ikawa inaruka yenyewe kutoka wimbo huu kwenda huu, kuja kushtuka wa mwisho wangu, miaka minne, anaimba habari za theluji na sisi tunakaa Mbagala. Na ule wa papa wa Wakorea, Baby Shark, ndo usiseme, wiki haijaisha nauota usiku.

Mwingine akasema basi wawekee kaswida tu, yanini kuhangaika. Kaswida zipo nyumbani na tunazipenda, ila hata wali wa nazi ukiupika asubuhi mchana jioni mtoto atasukuma sahani.

Sasa ikaja safari ya Idi. Tunaenda Lushoto ukweni, Noah ya kuazima, mimi, mke wangu mama Nuru, watoto watatu na mama mkwe ambaye alikuwa Dar kwa matibabu ya macho tunamrudisha kwake. Gari halina cha kuunganisha simu, redio ina tundu la flashi tu. Nikajiona mjanja, nikaenda pale Rangi Tatu kwa kijana anayeingiza nyimbo, nikampa flashi, nikamwambia dogo nijazie za watoto humo, safari ndefu. Buku tatu. Akabofya bofya dakika mbili, akanirudishia, "Broo, nyimbo mia na kitu, za watoto tupu." Sikuzisikiliza. Hilo ndo kosa langu nalikubali, nilichungulia majina tu, yote naona mtoto, mtoto, mtoto, nikaridhika.

Mpaka Chalinze hali shwari. Nyimbo tatu nne za chekechea, mabata yanaogelea, mama mkwe anatikisa kichwa, nikamwangalia mke wangu kwa kile kioo kama kumwambia unaona mumeo. Tumevuka daraja la Wami, ukaanza wimbo mwingine na kinanda kizuri tu, cha upole. Kumbe yule kijana alichofanya ni kuandika neno "mtoto" kwenye kompyuta yake na kubeba kila kilichotokea. Na nyie mnajua kwenye bongo fleva mtoto ni nani. Mtoto huyu ana kiuno, mtoto huyu anajua kukatika, mtoto huyu akiingia chumbani sijui nini kinatokea, sitaandika hapa.

Nikabonyeza kitufe cha kuruka, kimekufa. Nikabonyeza kupunguza sauti, ikapanda! Nikaanza kuvuta flashi kwa mkono mmoja huku nimeshika usukani, flashi ni ile ndogo inazama ndani, kucha sina. Nyuma kuna lori linapiga honi. Mama mkwe kafumba macho, eti kalala, lakini mtu aliyelala hakunji mdomo vile. Mpaka mama Nuru alipoing'oa kwa kibanio cha nywele, ubeti wa pili ulishakwisha wote.

Kimya. Hata injini nahisi iliona aibu. Halafu yule wa miaka minne, "Baba, mtoto akikata kiuno ndo ananunuliwa gari?"

Sikujibu. Mpaka Segera sikufungua mdomo, tulivyosimama kununua machungwa nilimpa mama mkwe yake kwa mikono miwili bila kumtazama usoni.

Tulivyofika Mombo kuanza kupanda zile kona za mlimani, wa katikati akaanza kuchefukwa, mke wangu ananiambia tafuta mfuko. Ndo mama mkwe akafumbua macho, akasema, "Baba Nuru, hilo lidude lako liache lizime. Wanangu, hadithi hadithi!" Wakajibu hadithi njoo. Akaanzisha hadithi ya sungura, zile zenye wimbo katikati, yeye anaimba kidogo wao wanaitikia, kila kona wanaitikia, na mtoto anayeitikia kumbe hatapiki! Tumefika Lushoto mfuko mkavu. Huo ujanja sikuusoma popote, chukueni bure, ila wimbo uwe wa kuitikia, ukiwa wa kusikiliza tu haufanyi kazi, nilishajaribu tukirudi nikalipia kuosha viti.

Siku nne za Lushoto nilikaa jikoni na mama mkwe namrekodi kwa simu. Za Kiswahili, za Kisambaa, ukuti ukuti anayoimba tofauti kabisa na sisi wa Dar. Mle ndani unasikia kuni, jogoo, na mimi nikipaliwa na moshi, na hicho kipande cha kukohoa ndo wanangu wanakipenda kuliko vyote.

Kuanzia hapo kila wimbo napima kwa swali moja, je naweza kuupiga gari likiwa na mama mkwe? Nimekuwa mkali mpaka mke wangu ananiita Basata, lile baraza la sanaa linalofungia nyimbo. Nasikiliza mpaka mwisho, maana ubeti wa kwanza huwa msafi, uchafu unakaa wa pili.

Za zilipendwa nilidhani nimefika. Magitaa matamu, ala zinajitegemea dakika nzima, watoto wanaruka pale gitaa linapochangamka, bendi ya Sikinde wamenisaidia sana. Lakini sikilizeni maneno jamani, wazee wale nusu ya nyimbo ni kuibiana wake, Nuru akaniuliza hawara ni nini tukiwa mezani. Taarabu nayo nilijaribu, wiki hiyo hiyo Nuru kamrushia mpasho mtoto wa jirani kwa sababu ya kamba ya kuruka, mama yake akaja na kanga kaivaa ujumbe wake. Taarabu ikasimama kwa muda.

Zilizokaa ni hizi. Saida Karoli, ule wa Maria Salome wa 2001, wanangu walikuwa wanaujua ule wa Diamond na Rayvanny wa 2016, nikawaambia mzazi wake huyu hapa. Kihaya hatujui hata mmoja, nilimuuliza jirani Mhaya kwanza akacheka akasema weka tu, sasa wanaimba maneno ya kubuni kwa kujiamini kabisa. Za Ubongo Kids, wapo tangu 2014 na wanatengeneza hapa hapa Dar, za hesabu zile nimejifunza hata mimi, ila wapeni sauti bila picha, wakiona picha wanaganda hawaimbi. Yule mdogo ni wa Akili tu, yule mtoto wa katuni yao nyingine, akisikia Akili ana miaka minne kama yeye basi wameshakuwa ndugu. Usiku ni marehemu Hukwe Zawose na ilimba yake, kile kibao cha vyuma kinachopigwa kwa vidole gumba, hapo wanalala bila ugomvi, hasara yake ni kwamba wa katikati kang'oa spoku za baiskeli yangu kazipigilia kwenye kibao naye awe na ilimba. Haitoi sauti. Baiskeli pia haitembei.

Mtaani wakaanza kuniletea flashi zao, mama wa kanga naye kaleta. Na nilirudi kwa yule kijana Rangi Tatu kumsema, akaniangalia kwa mshangao wa kweli, "Broo si ulisema za watoto?" Nikamwachia orodha yangu na hasira zangu. Juzi nimepita, kabandika karatasi, NYIMBO ZA WATOTO (WATOTO KWELI), buku tano.