Jinsi nilivyowaandaa wanafunzi wageni kwa safari ya kuigiza ya kwenda Mirihi

Ninafanya kazi ya ualimu msaidizi katika shule moja ya jimbo la Kentucky, Marekani, ambako familia nyingi kutoka Kongo zimehamia katika miaka ya karibuni. Wengi wa watoto ninaowahudumia walizaliwa au kukulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania. Kiswahili ndicho wanachochezea na kugombania, Kifaransa walikisoma shuleni kambini, na Kiingereza wamekianza hapa. Kila mwaka darasa la sita la shule yetu huenda kwenye kituo kimoja cha Challenger, ambako wanafunzi huendesha safari ya anga ya kuigiza kwa muda wa saa mbili hivi. Niliombwa niambatane na darasa ili niwatafsirie wageni. Nilikubali kwenda, lakini kazi ya kutafsiri niliikataa, na maelezo haya yanahusu nilichofanya badala yake.

Vituo hivi vilizaliwa na msiba. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani kilichoitwa Challenger kilivunjika angani sekunde 73 baada ya kuruka kutoka Florida, kwa sababu mpira wa kuzibia maungio ya roketi yake ya kulia ulikuwa umekakamaa kwa baridi ukashindwa kuzuia gesi ya moto. Watu wote saba waliokuwamo walikufa. Mmoja wao alikuwa Christa McAuliffe, mwalimu wa sekondari kutoka Concord, New Hampshire, aliyechaguliwa kati ya walimu zaidi ya 11,000 walioomba nafasi hiyo, na ambaye alikuwa amepangiwa kufundisha masomo akiwa huko juu. Familia za marehemu ziliamua kuwaenzi kwa elimu. Zilianzisha taasisi mwaka huohuo, na kituo cha kwanza kikafunguliwa Houston mwaka 1988.

Ndani ya kituo tulichokwenda mna vyumba viwili visivyoonana. Kimoja kimepangwa kwa mfano wa chumba cha Houston ambamo safari za anga za Marekani huongozwa kutoka duniani, chenye meza za kompyuta zinazoelekea skrini kubwa. Cha pili ndicho chombo chenyewe, na mwanafunzi hukiingia kupitia mlango unaofungwa nyuma yake huku ngurumo za roketi zikichezwa. Darasa hugawanywa nusu kwa nusu. Kila meza ya chumba cha uongozi, yaani chini duniani, ina pacha yake ndani ya chombo, yaani huko juu: meza ya hewa na maji, ya afya, ya kuongoza njia, ya roboti, ya vitu hatari vinavyoshikwa kwa glavu ndani ya sanduku lililofungwa, ya kuunganisha chombo kidogo cha uchunguzi, na ya mawasiliano. Aliye chini ana maelekezo, aliye juu ana vifaa, na hakuna anayeweza kumaliza kazi bila mwenziwe. Katikati ya safari pande hubadilishana, hivyo kila mtoto huonja kuamuru na kuamriwa. Mpangilio huo ndio ninaouona kuwa werevu mkubwa wa vituo hivi, kuliko taa na ngurumo zote.

Mwalimu hutakiwa kuwasilisha mapema orodha ya nani atakaa meza gani, na hapo ndipo mjadala ulipoanza. Mwenzangu, mwalimu wa sayansi, alipendekeza kwa nia njema kabisa kwamba wageni wote wawekwe kwenye roboti na kwenye chombo cha uchunguzi, ambako mikono hufanya kazi kuliko mdomo. Nilimjibu kwamba hata meza hizo hupokea maelekezo yake kwa maneno, na kwamba mtoto anayewekwa mahali pa kunyamaza huelewa haraka sana kwa nini amewekwa pale. Nikamkumbusha pia kwamba Wamarekani wanaokwenda kukaa katika Kituo cha Anga cha Kimataifa hujifunza Kirusi, na Warusi hujifunza Kiingereza. Katika kazi hiyo, kusema kwa lugha ambayo hukuzaliwa nayo ni sehemu ya sifa za kuajiriwa. Tulikubaliana kwamba kila mwanafunzi, mgeni na mwenyeji, aandike ombi la nafasi anayoitaka na sababu zake, na kwamba mimi nipewe vipindi vya mwisho vya Ijumaa, ambavyo kwa desturi huwa ni vya kuangalia saa.

Katika vipindi hivyo nilianza na habari ya Apollo 13. Mwezi wa Aprili 1970, tangi la oksijeni lilipolipuka njiani kuelekea Mwezini, wanaanga watatu walilazimika kujihifadhi katika chombo cha kutulia Mwezini kilichotengenezwa kwa ajili ya wawili, na kaboni dioksidi waliyoitoa kwa pumzi ikaanza kuzidi. Masanduku ya kusafishia hewa yaliyobaki katika chombo kikuu yalikuwa ya mraba, ilhali matundu ya chombo walichohamia yalikuwa ya duara. Wahandisi waliokuwa Houston walibuni kiunganishi kwa mifuko ya plastiki, makaratasi magumu, mipira ya kupitishia hewa na utepe wa gundi, kisha maelekezo yakasomwa kwa redio, hatua baada ya hatua, nao wanaanga wakakiunda bila kukiona cha mfano. Wageni niliwasimulia kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu sikutaka ugumu wa lugha na ugumu wa fizikia uwapige kwa pamoja.

Kisha tukafanya vivyo hivyo kwa mikono yetu. Kikundi kimoja kilikaa upande mmoja wa kabati kikiwa na kitu kilichokwisha kuundwa kwa mirija, makopo na utepe. Kingine kilikaa upande wa pili kikiwa na vifaa vitupu, na sauti tu ndiyo iliyoruhusiwa kupita. Wageni walianza kwa Kiswahili, na nilidhani lugha yao wenyewe ingewabeba. Walishindwa vibaya. "Weka hapo." "Hapo wapi?" "Si hapo, ule upande mwingine!" Baada ya muda mfupi walikuwa wanagombana. Nilipowajaribu wenyeji kwa Kiingereza chao cha nyumbani, kilichotoka upande wa pili wa kabati kilikuwa na umbo tofauti kabisa na la asili, na ugomvi ulikuwa uleule. Mwenzangu wa sayansi alikuwa amesimama mlangoni, na nadhani ndipo mjadala wetu wa meza ulipokwisha, kwa kuwa ilidhihirika kwamba kutoa maelekezo kwa mtu asiyekuona ni ujuzi ambao hakuna aliyekuwa nao darasani mle.

Tukaweka sheria chache, zile ambazo marubani na watu wa redio wamekuwa wakizifuata kwa miaka mingi. Taja kitu kabla ya kutaja tendo. Ujumbe mmoja ubebe hatua moja. Aliyepokea asiguse chochote kabla ya kuirudia hatua aliyoisikia, na aliyetuma athibitishe au asahihishe. Sheria ya kurudia iliwafaa wageni kuliko nilivyotarajia. Mtoto anayejifunza lugha huona haya kuomba arudiwe, kwa kuwa kila anapoomba anajitangaza kuwa hajaelewa. Lakini pale ambapo kila mtu analazimika kurudia, hata yule aliyezaliwa hapahapa Kentucky, haya hiyo hukosa mahali pa kukaa. Wageni walizoea sheria hii upesi, ilhali wenyeji waliiona kuwa inawachelewesha, na baadhi yao waliendelea kuiruka mpaka siku ya safari.

Kazi nyingine ilikuwa ya wazazi. Fomu ya ruhusa ilizungumzia safari ya Mirihi kwa maneno ya furaha yasiyofafanua chochote, na mama mmoja alinipigia simu jioni: "Mwalimu, mtoto wangu anapelekwa wapi hasa?" Nilimweleza kwamba watoto wangepanda basi la shule na kurudi siku hiyohiyo. Alikuwa amekwisha kusikia jina la Challenger na yaliyoipata, akataka kujua kwa nini mahali pa watoto paitwe kwa jina la kifo. Nilimsimulia kuhusu McAuliffe, na kuhusu Barbara Morgan, mwalimu aliyekuwa mbadala wake, ambaye alisubiri miaka zaidi ya 20 akaruka mwaka 2007. Alitia sahihi. Tangu hapo nimekuwa nikiwapigia simu wazazi wote kabla fomu hazijafika nyumbani.

Siku ya safari nilikaa nyuma ya chumba cha uongozi nisiseme neno. Si wote waliong'aa. Mvulana mmoja aliyekuwa ameomba kwa hamu meza ya kuongoza njia alikaa nusu nzima ya kwanza akiandika namba bila kufungua mdomo, na mwenyeji aliyekuwa pamoja naye akasema kwa niaba yao wawili. Kwenye meza ya hewa na maji, binti aliyekuwa anapima tindikali ya maji hakuhitaji kuhimizwa na mtu. Mtoto aliyewahi kupanga foleni ya maji kambini anajua kwa nini maji hupimwa na kuhesabiwa.

Nusu ya pili wageni wengi walihamia ndani ya chombo, na meza ya mawasiliano ikashikwa na binti aliyekuwa ameandika katika ombi lake kwamba anaitaka kwa sababu nyumbani kwao yeye ndiye anayeongea na hospitali na mwenye nyumba. Kengele ya kaboni dioksidi ikalia, taa zikawa nyekundu, na mwenziwe wa chumba cha uongozi, mwenyeji hodari wa kusoma, akaanza kuusoma utaratibu wa dharura kwa kasi ya mtangazaji wa mpira. Binti alimkatiza. Alimwambia asimame, akairudia hatua ya pili kama alivyoisikia, akauliza mbona haifuatani na ya kwanza. Mvulana alitazama karatasi yake na kukuta kwamba ameruka mstari. Wakaanza upya, hatua moja moja, mpaka kengele ikanyamaza. Mimi nilitafsiri mara moja tu siku hiyo, wakati wa chakula, kuhusu aina ya nyama iliyokuwa ndani ya mkate.

Nina lawama moja juu ya mchezo wenyewe, nayo niliipata kwa wanafunzi. Katika kuigiza huku, chombo kikiwa Mirihi, jibu kutoka duniani hufika papo hapo. Kijana yuleyule aliyekaa kimya kwenye meza ya kuongoza njia aliniuliza ndani ya basi, kwa Kiswahili, kama redio inaweza kwenda upesi namna hiyo. Haiwezi. Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya nuru, kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, na umbali wa Mirihi hubadilika kadiri sayari hizi mbili zinavyolizunguka Jua: ikiwa karibu sana, ujumbe huchukua dakika tatu kufika, na ikiwa mbali kabisa huchukua dakika 22. Naelewa kwa nini kituo hakifanyi hivyo, kwa maana saa mbili zingekwisha kwa kungoja. Hata hivyo darasani tulikuwa na nafasi.

Ijumaa iliyofuata tulirudi kwenye kabati letu. Safari hii maelekezo yaliandikwa kwenye karatasi, yule kijana akawa mshika saa, na hakuna karatasi iliyoruhusiwa kuvuka kabla ya dakika tatu kwisha. Utaratibu wa kurudia kila hatua ulivunjika mara moja, kwa kuwa kila swali na jibu lake vilikula dakika sita, na hao waliokuwa wameuzoea ndio waliotaabika zaidi. Walilazimika kuandika hatua nyingi katika ujumbe mmoja na kufikiria kimbele mahali ambapo upande wa pili ungekwama. Kikundi cha kwanza kumaliza kilikuwa cha mchanganyiko wa wageni na wenyeji, na karatasi yao ya kwanza, iliyojaa pande zote mbili, ilieleza pia nini kifanyike endapo mrija ungekuwa mfupi.